Kinga

Kila Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi,
sijapiga mswaki, sijagusa chai,
naketi kwenye kiti cha plastiki ghorofa ya tatu,
Sheffield, mvua imeegemea dirisha kama mdeni,
nainamisha kichwa, naachama
juu ya kichupa chembamba kuliko kidole cha mwisho.
"Usiyasukume," asema Daktari Iyabode, saa mkononi.
"Yaache yadondoke yenyewe. Dakika tano."

Mama angeona haya.
Kwetu Korogwe mate yalikuwa na adabu zake:
hayatemwi mbele ya wageni,
humezwa kimya sahani ya wenzio ikipita.
Na mimi hapa nayakinga
kama akingaye maji ya paa,
tone, uzi, tone,
yapimwe, yagandishwe, yaandikwe:
Semeni, nambari kumi na tisa.
Semeni! Jina la kusema,
na mdomo uko wazi, hausemi kitu.

Nilimuuliza, je, humo mna askari?
Akakunja uso. "Usiniletee askari.
Ni kingamwili, na kazi yake ni ya gundi.
Kirusi kinatua kooni, kinanaswa
kabla hakijabisha hodi, unakimeza, basi.
Tumbo litajua la kufanya."

Nikampenda kwa hilo.

Ukutani mstari wangu.
Wiki za kilomita thelathini ulipanda,
mpole, kama moshi wa jikoni.
Wiki za tisini ukashuka
ngazi kwa ngazi, hadi pishi.
Mimi nilikuwa nikijisifu miguu.
Theluji ilipofunga vilima
nilihamia jimu, juu ya mkanda wa umeme,
saa mbili pasipo kwenda popote,
kisha zamu ya usiku, wodi ya vifua,
kubadili mitungi ya oksijeni na mashuka.
Mbio za sakafuni, walisema. Ukingo nikauona:
Alhamisi koo likakwaruza,
Ijumaa sauti hamna,
Jumamosi kamasi,
na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya marathoni.

Waliteremka chini ya dirisha langu, maelfu,
midomo wazi, mvuke ukiwatoka kama vyungu.
Sikuwaonea wivu. Uongo: niliwaonea.
Niliwatazama vinywa, si miguu.
Vikavu vyote.

Tarishi wetu, Denise Oldroyd, hupanda mtaa huu
wenye mwinuko mpaka umetiwa reli ya kushikia,
begi begani, siku sita kwa wiki, kwa miguu,
hakimbii hata mbwa akimbwekea.
Aliponiletea barua akasikia ninavyokoroma.
"Mafua?" akasema. "Mimi mara ya mwisho
mwaka juzi. Nilikuwa likizo."

Basi ni mbio? nilimwandikia daktari, sauti sina.
Alisoma, akavua miwani.
"Labda. Labda ni zamu zako za usiku.
Labda ni basi unalopanda, madirisha yamefungwa,
watu arobaini wanagawana pumzi moja.
Mstari umeshuka, hilo naliona.
Nani aliyefungua mlango, sijui,
na anayekwambia anajua
muulize amehesabu vinywa vingapi."

Usiku ule homa ilinichezea maneno.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
wahenga walinena vijinga vya jikoni,
lakini kichwa cha moto hakichagui,
nikaviona kooni mwangu, viwili vitatu,
vikitafutana gizani
vipate kuwaka.

Jumanne nimerudi. Pua nyekundu,
leso mfukoni, viatu vya kawaida.
Nimekuja kwa miguu, polepole,
nikisimama kwenye reli pale aliposimama Denise.
Kiti kilekile. Mvua ileile.
Mate yanakusanyika chini ya ulimi,
na kutoka mbali namsikia mama: meza.

Naachama.
Nakinga.